Matembezi Yasiyo na Gharama Katika Mji wa Dar es Salaam



Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya jambo ambalo watu wengi hulipita bila kuligeukia, kwa kuwa li karibu nao mno. Jambo hilo ni mji wenyewe wakaao. Mtu akipata siku mbili tatu za mapumziko, fikira zake hukimbilia mbali. Hutamani kuona Zanzibar, au Mombasa, au miji ya ng'ambo aliyoiona katika picha, kisha huhesabu nauli na kukata tamaa. Lakini mwulize mtu huyo huyo, aliyekaa Dar es Salaam miaka 20, ni nani aliyelijenga lile jumba la mawe liitazamalo bandari, au kwa nini mahali anunuapo nguo zake paitwa Kariakoo, naye atakujibu, "Mimi nimepakuta hivyo hivyo." Wazee walisema, Tembea uone, hawakusema kwamba ni lazima kwanza mtu apande meli.

Basi leo nataka kuwachukua katika matembezi ya asubuhi moja, tangu ufuko wa bandari ya Dar es Salaam mpaka Kariakoo. Ni mwendo ambao mtu asiyekawia aweza kuumaliza kabla jua halijawa kali. Sitawapeleka ndani ya Nyumba ya Makumbusho ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1940, maana ile ina kiingilio chake, nayo yastahili siku yake peke yake. Vitu nitakavyovitaja vyote vyasimama kando ya njia, na kuvitazama hakumtoi mtu hata senti moja.

Walakini kuna sharti moja. Usiende peke yako. Nenda na rafiki, tena rafiki ajuaye jambo usilolijua wewe. Mimi hufuatana na sahibu yangu mmoja, seremala, mtu wa asili ya Uzaramo. Mimi nimesoma vitabu kidogo. Yeye amesoma mbao na mawe, tena alipokuwa mtoto alikaa chuoni hata akazijua vizuri herufi za Kiarabu. Mara nyingi niliyoyasoma mimi hayana maana mpaka yeye anionyeshe kwa kidole, na ayaonyeshayo yeye hayana tarehe mpaka mimi niitafute. Watu wawili huulizana, na katika kuulizana ndimo mambo yaliyolala yaamkamo.

Tuanzie ufukoni. Kabla mji haujakuwako, hapa palikuwa na kijiji cha wavuvi na wakulima kilichoitwa Mzizima. Katika miaka ya 1865 na 1866 Sultani Majid bin Said wa Zanzibar aliona jinsi bandari hii ilivyokingwa na upepo, mlango wake mwembamba na ndani yake maji yametulia, akaazimu kujenga mji mpya karibu na kijiji kile, uwe mlango wa biashara ya bara. Akauita Dar es Salaam, jina la Kiarabu ambalo wengine hulifasiri Nyumba ya Salama, na wengine husema kwamba asili yake ni Bandari ya Salama. Mafundi waliletwa, na wachukuaji wa mawe walikuwa vibarua na watumwa. Lakini mwezi wa Oktoba 1870 Majid alifariki, na ndugu yake Barghash, aliyemrithi, hakuwa na moyo wa kuiendeleza kazi ile. Majumba yakaachwa, mengine yakaota majani, mengine yakabomoka. Wajerumani wa kampuni ya biashara walifika mwaka 1887, na mwaka 1891 serikali yao ikahamisha makao yake makuu kutoka Bagamoyo ikayaleta hapa. Hivyo mji ulioanzwa na Sultani ukaendelezwa na watu wengine kabisa.

Katika majumba ya siku za Majid yamesalia machache sana. Moja ni lile liitwalo Boma la Kale, kwenye barabara ya Sokoine. Lilijengwa yapata mwaka 1866 na 1867, ili wageni wa Sultani wapate mahali pa kukaa. Watu wengi mno hulipita kila siku wakienda kupanda boti za Zanzibar, macho yao yakiwa kwenye mizigo yao. Siku ya kwanza tuliposimama mbele yake, mimi nilianza kumhesabia mwenzangu tarehe. Yeye akanikatiza kwa upole, akasema, "Ndugu yangu, ngoja kwanza tulitazame. Tarehe hazitakimbia."

Ndipo aliponieleza jinsi nyumba za namna hii zijengwavyo. Mawe yake ni matumbawe, yaliyochimbwa pwani. Chokaa yake ni matumbawe hayo hayo, yaliyopangwa juu ya kuni na kuchomwa mpaka yakawa unga mweupe. Dari yake huchukuliwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haipatikani kwa urefu autakao mtu. Kwa hiyo vyumba vya nyumba kama hizi huwa virefu lakini vyembamba, maana upana wa chumba hutawaliwa na urefu wa mti uliokatwa katika maji ya chumvi. Kuta nazo hufanywa nene, kwa kuwa matumbawe ni mawe mepesi yenye vitundu, nayo hayawezi kusimama yakiwa membamba. Unene huo huo huzuia joto lisiingie. "Unaona," akasema, "fundi hakuamrishwa na Sultani peke yake. Aliamrishwa na mkoko pia." Kisha akanionyesha mlango wa nakshi: miimo yake miwili, kizingiti chake cha juu, na mfaa usimamao katikati ya mbao mbili ukiziba ufa. Tangu siku ile sijaupita mlango wa zamani pasipo kuutazama mfaa wake.

Kando ya barabara hiyo hiyo iko nyumba nyingine ya siku za Majid, iitwayo Nyumba ya Atiman. Hii yasemwa kwamba ilijengwa kwa ajili ya watu wa nyumbani mwa Sultani. Mwaka 1922 ikanunuliwa na mapadre Wakatoliki waitwao White Fathers, nao ndio walioipa jina ililo nalo sasa. Adrien Atiman alizaliwa katika nchi za mto Niger, Afrika ya Magharibi. Alipokuwa mtoto mdogo alikamatwa akatiwa utumwani. Mapadre hao wakamkomboa, wakamsomesha, naye akajifunza udaktari katika kisiwa cha Malta. Kisha akaja nchi hii, akafika Karema kando ya Ziwa Tanganyika, akawatibu wagonjwa huko kwa miaka mingi sana mpaka alipofariki mwaka 1956, akiwa mzee aliyeheshimiwa na watu wa dini zote.

Fikirini jambo hilo, enyi wasikilizaji. Nyumba hii ilisimamishwa katika zama ambazo watu waliuzwa katika pwani yetu, tena kwa mji uliojengwa kwa mikono ya watumwa. Leo nyumba hiyo yaitwa kwa jina la mtumwa aliyekombolewa akawa mganga. Ukutani wala mlangoni hapana kitu cha kumwambia mpita njia mambo haya kwa sauti. Ni lazima aulize.

Hapo karibu yasimama pia makanisa mawili yaliyojengwa na Wajerumani, ambayo mabaharia huyaona mapema meli iingiapo bandarini. Moja ni kanisa la Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki, lililojengwa tangu 1897 hata 1902. La pili ni kanisa la Kilutheri la Azania Front, lililoanza kujengwa mwaka 1898, lenye mnara na paa la vigae vyekundu. Sahibu yangu ni Mwislamu, nami si mtu wa makanisa hayo. Hata hivyo tukikuta mlango u wazi na hakuna ibada, hubisha hodi, tukamsalimu mlinzi, tukaomba ruhusa ya kutazama kazi ya mbao na vioo. Sijakumbuka kwamba tulifukuzwa. Mtu aingiaye kwa adabu katika nyumba ya ibada ya mwenziwe hapungukiwi na dini yake.

Sasa tuiache bahari nyuma, tupande mpaka barabara ya Samora. Barabara hii imebadili majina kama mtu abadilishavyo kanzu. Wajerumani waliiita Unter den Akazien, maana yake Chini ya Migunga. Waingereza wakageuza maneno tu, wakaiita Acacia Avenue. Baada ya uhuru ikawa Independence Avenue, na kisha ikapewa jina la Samora Machel wa Msumbiji. Mwanafunzi akiyajua majina hayo manne kwa utaratibu wake, amekwisha kuijua historia ya Tanganyika ya miaka mia kwa kifupi.

Katikati ya barabara hiyo, mahali ambapo magari huzunguka, yasimama Sanamu ya Askari. Imefanywa kwa shaba nyeusi: askari Mwafrika apiga hatua mbele, bunduki mikononi, na singe yake imeelekezwa bandarini. Iliundwa na mchongaji Mwingereza, James Alexander Stevenson, na ikasimamishwa mwaka 1927, kuwa ukumbusho wa Waafrika waliotumika katika Vita Kuu ya 1914 hata 1918. Sanamu nyingine za ukumbusho huo huo ziko Nairobi na Mombasa.

Lakini kabla ya sanamu hiyo mji huu ulikuwa na sanamu nyingine. Wajerumani walikuwa wamemsimamisha Hermann von Wissmann, yule aliyepiga vita na kuwashinda watu wa pwani waliokataa utawala wa Kijerumani pamoja na Abushiri bin Salim mwaka 1889. Katika sanamu ile Wissmann alisimama juu, na chini ya miguu yake palikuwa na askari Mwafrika amwangaliaye bwana wake. Waingereza walipoutwaa mji tarehe 4 Septemba 1916 hawakukawia kuiondoa. Ilipelekwa Uingereza, ikarudishwa kwa Wajerumani, nao wakaisimamisha Hamburg mwaka 1922. Huko nako wanafunzi wa chuo kikuu wakaiangusha mwaka 1968. Basi mwenye kuitazama sanamu ya leo na aikumbuke ile ya kwanza. Kati ya hizi mbili askari ametoka chini ya miguu ya mtu mwingine, akasimama peke yake. Ni kweli kwamba aliyemsimamisha naye alikuwa mtawala mgeni, na kwamba askari wetu walipigana pande zote mbili, Waafrika kwa Waafrika, katika ugomvi ambao haukuwa wao. Lakini hatua ile yaonekana.

Vukeni kwa uangalifu, maana magari hayawangojei wasomaji wa historia, mkasome maneno yaliyo chini ya sanamu. Yalitungwa na Rudyard Kipling, mwandishi maarufu wa Uingereza, nayo yameandikwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Kiswahili chenyewe kimeandikwa mara mbili, kwa herufi za Kirumi na kwa herufi za Kiarabu, kwa kuwa siku zile watu wengi wa pwani walisoma Kiswahili chao kwa hati hiyo ya Kiarabu, kama walivyokisoma wazee wao kwa karne nyingi. Hapo ndipo nilipofurahi kuwa na mwenzangu. Mimi nilisoma upande wangu, yeye akasoma wake kwa sauti, tukaona kwamba maneno ni yale yale. Yasema kwamba ukumbusho huu ni wa askari waliopigana, na wa wachukuzi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na wa wote wengine waliotumika wakafa. Kisha yasema kwamba mtu akipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Sahibu yangu alipofika kwenye maneno hayo ya mwisho alinyamaza. Kisha akazunguka sanamu yote polepole, akaitazama kila upande, kama mtu aliyeangusha kitu. Nikamwuliza, "Watafuta nini, ndugu yangu?" Akajibu, "Natafuta hayo majina." Ndipo aliponisimulia kwamba baba wa babu yake alichukuliwa kijijini wakati wa vita kuwa mchukuzi. Waliorudi walisema kwamba walimwacha njiani mgonjwa. Nyumbani wakangoja misimu miwili ya mavuno, kisha wakaweka matanga bila maiti wala kaburi. Jina lake hulitaja katika hitima mpaka leo, lakini mahali alipolala hapajulikani.

Yafaa wanafunzi waelewe kwa nini wachukuzi walikuwa wengi hivyo, na kwa nini walikufa zaidi ya wapiganaji. Katika sehemu nyingi za nchi yetu mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe wa jeshi, na barabara za magari hazikuwako ila chache. Kwa hiyo unga, risasi, mahema na hata vipande vya mizinga vilikwenda juu ya vichwa vya watu. Tuseme mchukuzi mmoja abeba ratli 50 za unga, naye kila siku ala ratli 2. Akienda mwendo wa siku 10 na kurudi siku 10, amekula ratli 40. Zilizomfikia askari ni ratli 10 tu. Basi kadiri jeshi lilivyosonga mbele, ndivyo wachukuzi walivyohitajiwa kuwalisha wachukuzi wengine, na vijiji vikaendelea kutoa watu. Jumla ya waliochukuliwa na majeshi ya upande wa Uingereza yafika karibu ya watu milioni moja, wengi wao kwa nguvu. Waliokufa upande huo peke yake walihesabiwa kuwa zaidi ya 90,000, na wanahistoria wengi huona kwamba hesabu hiyo ni ndogo kuliko kweli yenyewe. Wajerumani nao waliwachukua watu kwa nguvu vile vile. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, homa ya mapafu, malaria, baridi na njaa, na mara nyingi na unga wa mahindi usioiva sawasawa, ambao matumbo ya watu waliozoea vyakula vingine hayakuweza kuustahimili. Vita vyenyewe havikukoma hapa kwetu mpaka jenerali wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, alipoweka silaha chini huko Abercorn, yaani Mbala ya leo katika Zambia, tarehe 25 Novemba 1918.

Baada ya vita wakuu waliokuwa na kazi ya kutunza makaburi ya wanajeshi waliamua kwamba Wazungu wapewe kila mmoja kaburi lake na jina lake, lakini askari Waafrika walio wengi na wachukuzi wakumbukwe kwa pamoja kwa sanamu kama hizi. Makaburi ya wachukuzi yakaachwa yamezwe na majani. Mwezi wa Aprili 2021 Halmashauri ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilitoa taarifa ikakiri neno hilo, na kuomba radhi. Ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na wa Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, na labda hawakukumbukwa kabisa. Kwa hiyo sahibu yangu hakuwa ametafuta vibaya. Hayo majina hayakuandikwa.

Kutoka hapo tuifuate barabara ya Samora mpaka mnara wa saa, uliojengwa mwaka 1961 Dar es Salaam ilipopewa heshima ya jiji, kisha tuelekee barabara ya Uhuru mpaka Mnazi Mmoja. Uwanja huu mpana ni mahali pa kupumzikia, na watoto huuchezea mpira. Lakini asili yake si mchezo. Baada ya vita Waingereza waliugawa mji sehemu tatu: ya Wazungu, ya biashara walimokaa zaidi Wahindi, na ya Waafrika. Kati ya mitaa ya Wahindi na mitaa ya Waafrika wakaacha nafasi tupu, wakisema kwamba ni kwa ajili ya afya. Nafasi hiyo ndiyo Mnazi Mmoja. Watu waliotengwa na uwanja huo wakaugeuza kuwa mahali pa kukutania. Pembeni yake iko barabara ya Lumumba, iliyoitwa zamani New Street, na katika nyumba moja ya barabara hiyo ndimo kilimozaliwa chama cha TANU, tarehe 7 Julai 1954. Miaka saba baadaye, tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ikawa nchi huru. Leo katika uwanja huo umesimama mnara wa Mwenge wa Uhuru, nao hautozi kiingilio.

Hatua chache tu kutoka hapo twaingia Kariakoo. Wajerumani walikuwa wamejenga hapa jengo kubwa kabla tu ya vita. Waingereza walipoutwaa mji wakaliweka hapa kambi la wachukuzi. Kikosi hicho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na ndimi zetu zikalitengeneza jina hilo likawa Kariakoo. Mwaka 1923 mahali hapo pakawa soko. Jengo jipya la soko, lenye paa la saruji lililo kama miavuli iliyopinduliwa, lilichorwa na msanifu Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Moto uliliunguza usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na kazi ya kulitengeneza upya ikafuata.

Tulipofika sokoni siku ile palikuwa na vijana waliojitwika marobota ya nguo, wakipita kwa haraka na kupiga kelele, "Njia! Njia!" Sahibu yangu akasogea kando kuwapisha, akasema, "Hawa hawajui kwamba wafanya kazi ileile mahali pale pale." Kisha akaongeza neno ambalo nimelichukua tangu siku hiyo: "Wazee wetu hawakuandikwa kwenye jiwe. Lakini tazama, watu wote wa mji huu hulitaja kundi lao kila siku, wakinunua vitunguu." Na ni kweli. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2022 mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728, nami sidhani kwamba yuko hata mmoja kati yao aliyefika umri wa kusema asiyelijua jina la Kariakoo. Lakini kulijua jina si kuijua maana yake. Jina lisiloulizwa ni kama barua isiyofunguliwa.

Sasa ninyi mlio mashamba msidhani kwamba mazungumzo haya hayawahusu. Mlicho nacho ninyi huenda kikazidi vya mjini. Pengine kijijini kwenu uko mbuyu ambao chini yake misafara ya pwani ililala, au kisima kilichochimbwa na watu wasiojulikana, au kaburi la zamani lililojengwa kwa mawe, au kipande cha njia ya reli. Chukua rafiki mmoja, mwende mkatazame kwa saa moja. Jiulizeni mambo matatu. La kwanza, kitu hiki kimefanywa kwa nini, na vitu hivyo vilitoka wapi? La pili, ni nani aliyeamuru kifanywe, na ni nani aliyekifanya kwa mikono yake? La tatu, jina lake lilitoka katika lugha gani? Mtu akiyauliza hayo matatu atajifunza mengi hata kabla hajafungua kitabu. Kisha mwendeni kwa mzee. Msimwulize shingo upande mkiwa mmesimama. Ketini, mwacheni aseme kwa mwendo wake, na mmoja wenu aandike.

Juu ya yote waulizeni habari za wachukuzi. Karibu kila ukoo katika nchi yetu ulitoa mtu, kwa hiari au kwa nguvu. Wale waliowajua kwa macho wamekwisha kufa wote. Hao waliosimuliwa na wazazi wao nao ni wazee sasa, na kila mwaka wapungua. Majina hayo hayamo katika shaba ya Sanamu ya Askari, wala hayamo katika vitabu vya makaburi. Yamo katika hitima, na matambiko, na majina waliyopewa wajukuu. Mwanafunzi aliye na daftari na kalamu aweza kuandika jina la mtu mmoja, na kijiji chake, na la mkewe au mwanawe, na njia aliyokwenda, kama yajulikana. Kazi hiyo haimgharimu kitu, walakini asipoifanya yeye, baada ya miaka michache hakuna atakayeweza kuifanya hata kwa fedha nyingi.

Na ninyi wa mjini, msikawie. Katikati ya Dar es Salaam majumba kadhaa ya zamani yamekwisha kubomolewa, na mahali pake yamesimama majumba marefu ya vioo. Mji ni lazima ukue, wala sisemi kwamba kila ukuta wa kale na uachwe. Lakini ukuta ambao wenyeji wake hawaujui hauna mtu wa kuusemea siku ya kubomolewa. Ausemeaye ni yule aliyewahi kusimama mbele yake asubuhi moja pamoja na mwenziwe, wakabishana juu ya boriti zake.

Sahibu yangu ameliandika jina la baba wa babu yake katika daftari, kwa herufi za Kirumi na kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika kwenye sanamu. Alinipa nisome, kisha akalitia daftari katika sanduku lake la vyombo vya useremala. Anasema kwamba mwaka huu atakwenda kwao Uzaramo kuuliza majina ya wengine waliochukuliwa siku ile ile.

Basi, wasikilizaji, wakati wetu umekwisha. Nawatakieni matembezi mema. Kwaherini.